Kubana faili za kumbukumbu kwa vitanzi vya bachi

Kubana faili za kumbukumbu kwa vitanzi vya bachi ni njia ya kupunguza ukubwa wa faili za kumbukumbu za kompyuta ambazo zimekaa muda mrefu. Hufanywa kwa kutumia skripti ya bachi inayorudia amri zilezile kwa kila faili bila mtu kukaa mbele ya kompyuta. Njia hii hutumika hasa kwenye seva zinazoendeshwa na mfumo wa Windows, ambako programu nyingi huandika kumbukumbu kila siku lakini hazifuti wala kubana zile za zamani.

Kazi hii ina sehemu tatu: kuchagua faili zilizofikia umri fulani, kuzibana moja baada ya nyingine, na kufuta faili asilia baada ya kuhakikisha kwamba nakala iliyobanwa ni nzima. Sehemu ya tatu ndiyo yenye hatari, kwa sababu skripti iliyoandikwa vibaya inaweza kufuta kumbukumbu ambazo hazina nakala nyingine popote.

## Faili za kumbukumbu

Faili ya kumbukumbu, ambayo mafundi wengi huiita *logi*, ni faili ya maandishi ambamo programu huandika matukio yake kwa mfuatano wa wakati: nani aliingia, ukurasa gani uliombwa, kosa gani lilitokea na saa ngapi. Jina la logi lilitoka baharini. Mabaharia wa zamani walipima mwendo wa meli kwa kutupa kipande cha gogo majini kikiwa kimefungwa kamba, kisha wakaandika kipimo hicho kwenye daftari. Baadaye daftari lenyewe likachukua jina la gogo, na kutoka hapo jina likahamia kwenye kompyuta.

Mfano unaojulikana ni seva ya wavuti ya Microsoft iitwayo IIS. Kwa kawaida huhifadhi kumbukumbu zake katika folda `C:\inetpub\logs\LogFiles`, na kila tovuti hupewa folda yake ndogo, kama vile `W3SVC1` au `W3SVC2`, kulingana na namba ya tovuti. Kila siku hufunguliwa faili mpya ambayo jina lake hubeba tarehe. Kwa mfano, `u_ex240131.log` ni kumbukumbu ya tarehe 31 Januari 2024. Mstari mmoja ndani yake huweza kuwa hivi:

```
2024-01-31 06:15:22 192.168.1.10 GET /index.html - 80 - 192.168.1.25 Mozilla/5.0 - 200 0 0 15
```

Mstari huu unaonyesha tarehe, saa, anwani ya seva, ukurasa ulioombwa, anwani ya kompyuta iliyoomba, programu ya kivinjari, na namba 200 yenye maana kwamba ombi lilijibiwa vizuri. Kila ombi huongeza mstari mmoja, na ukurasa mmoja wenye picha 20 huweza kuleta maombi zaidi ya 20.

IIS haifuti faili hizi yenyewe. Kama seva inaandika megabaiti 200 kwa siku, baada ya mwezi zitakuwa takriban gigabaiti 6, na baada ya mwaka gigabaiti 73. Kwa kuwa folda hiyo kwa kawaida iko kwenye diski ya C, ambayo ndiyo yenye Windows yenyewe, diski ikijaa tatizo haliishii kwenye kumbukumbu. Programu hushindwa kuandika faili zao za muda, hifadhidata hushindwa kupokea taarifa mpya, na masasisho ya mfumo hukwama.

## Kwa nini kumbukumbu hubanika sana

Programu nyingi za kubana hutafuta marudio. Mbinu iliyoelezwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977 huacha kuandika tena maneno yaliyokwisha kuandikwa, na badala yake huweka kielekezi chenye maana ya "rudi nyuma herufi kadhaa, nakili herufi kadhaa". Mbinu nyingine, iliyotangazwa na David Huffman mwaka 1952, huzipa alama zinazotokea mara nyingi msimbo mfupi na zinazotokea mara chache msimbo mrefu. Mbinu hizi mbili zikiunganishwa huitwa *Deflate*, nayo ndiyo inayotumika zaidi katika faili za zip na gzip.

Faili ya kumbukumbu imejaa marudio ya namna hiyo. Tarehe ni ileile kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, anwani ya seva haibadiliki, na majina ya kurasa hurudi maelfu ya mara. Ndiyo sababu kumbukumbu mara nyingi hupungua hadi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake au chini ya hapo. Picha za JPEG na video, ambazo tayari zimebanwa, hazipungui kwa kiasi cha maana.

## Historia

Neno *bachi* lina maana ya kundi la kazi zinazofanywa kwa mfululizo. Katika kompyuta kubwa za miaka ya 1950 na 1960, waendeshaji walikusanya kadi zilizotobolewa za watumiaji wengi na kuziingiza kwenye mashine kwa mkupuo mmoja.

Mfumo wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM PC, uliruhusu mtumiaji kuandika amri kadhaa katika faili yenye kiendelezi `.bat` na kuziendesha kwa kuandika jina la faili hiyo tu. Faili ya bachi iliyojulikana kuliko zote ni `AUTOEXEC.BAT`, ambayo iliendeshwa kila kompyuta ilipowashwa. Toleo la 2.0 la mwaka 1983 liliongeza amri za kufanya uamuzi na kurudia, zikiwemo `IF`, `GOTO` na `FOR`.

Mwaka 1993 Windows NT ilileta mfasiri mpya wa amri, `cmd.exe`, ambaye anaendelea kutumika katika Windows 10, Windows 11 na matoleo ya seva. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 iliipa amri ya `FOR` uwezo wa kusoma matokeo ya amri nyingine mstari kwa mstari. Bila uwezo huo, skripti inayoelezwa katika makala hii isingewezekana kwa urahisi. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa PowerShell, lugha yenye uwezo mkubwa zaidi, lakini faili za bachi hazikutoweka, kwa sababu ni fupi na zinaendeshwa karibu kwenye kila kompyuta ya Windows bila kuongeza kitu.

## Kitanzi cha FOR

Kitanzi ni sehemu ya programu inayorudiwa mara nyingi. Katika bachi, kitanzi rahisi cha kupitia faili huandikwa hivi:

```
for %%F in (*.log) do echo %%F
```

Maana yake ni: kwa kila faili ambayo jina lake linaishia na `.log` katika folda iliyopo, weka jina hilo katika kigeu `%%F`, kisha fanya amri inayofuata neno `do`. Ndani ya faili ya bachi huandikwa alama mbili za asilimia. Amri hiyohiyo ikiandikwa moja kwa moja kwenye dirisha la amri, huwekwa alama moja tu, `%F`. Tofauti hii ndogo ni chanzo cha makosa mengi ya wanaoanza.

Aina za kitanzi zinazotumika zaidi ni hizi:

* `for %%F in (...)` hupitia faili za folda moja;
* `for /d %%D in (...)` hupitia folda badala ya faili;
* `for /r` hupitia folda pamoja na zote zilizo ndani yake;
* `for /l` huhesabu namba, kwa mfano kutoka 1 hadi 10;
* `for /f` husoma maandishi ya faili au matokeo ya amri, mstari kwa mstari.

Kigeu cha kitanzi huweza kukatwa vipande kwa kutumia alama ya `~`. Kama `%%F` ni `C:\Logi\seva.log`, basi `%%~nF` ni `seva`, `%%~xF` ni `.log`, `%%~dpF` ni `C:\Logi\`, na `%%~zF` ni ukubwa wa faili kwa baiti. Vipande hivi hurahisisha kutunga jina la faili iliyobanwa kutokana na jina la faili asilia.

## Kuchagua faili za zamani

Bachi haina hesabu ya tarehe. Kigeu cha `%date%` kipo, lakini mpangilio wake hutegemea mipangilio ya nchi iliyochaguliwa kwenye kompyuta: mahali pamoja siku hutangulia mwezi, na pengine mwezi hutangulia siku. Skripti inayokata `%date%` vipande inaweza kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja na kukosea kwenye nyingine, au kukosea kwenye kompyuta ileile pindi inapoendeshwa kwa akaunti tofauti.

Kwa sababu hiyo hutumika amri ya `forfiles`, ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows Server 2003 na Windows Vista:

```
forfiles /p "C:\Logi" /m *.log /d -30 /c "cmd /c echo @path"
```

Hapa `/p` hutaja folda, `/m` hutaja aina ya majina, na `/d -30` huchagua faili ambazo zilibadilishwa mara ya mwisho siku 30 zilizopita au kabla ya hapo. Neno `@path` hubeba anwani kamili ya faili ikiwa ndani ya alama za mtajo. Kama hakuna faili iliyofikia umri huo, `forfiles` hutoa ujumbe wa kosa, ingawa kwa kweli hakuna kilichoharibika.

Umri unaopimwa hapa ni tarehe ya mwisho ya kubadilishwa, si tarehe iliyo katika jina la faili. Mtu akifungua kumbukumbu ya zamani na kuihifadhi upya, `forfiles` itaihesabu kuwa mpya.

## Mfano wa skripti

Skripti ifuatayo hubana kumbukumbu za IIS zilizotimiza siku 30, kwa kutumia programu huria ya 7-Zip iliyoandikwa na Igor Pavlov na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999.

```
@echo off
setlocal
set "MZIZI=C:\inetpub\logs\LogFiles"
set "ZANA=C:\Program Files\7-Zip\7z.exe"
set "SIKU=30"
set "MAKOSA=0"

if not exist "%MZIZI%\" exit /b 100
if not exist "%ZANA%" exit /b 101

for /d %%D in ("%MZIZI%\W3SVC*") do (
  for /f "delims=" %%F in ('forfiles /p "%%~D" /m u_ex*.log /d -%SIKU% /c "cmd /c echo @path" 2^>nul') do call :bana "%%~F"
)
exit /b %MAKOSA%

:bana
"%ZANA%" a -tzip -stl "%~dpn1.zip" "%~1" || goto kosa
"%ZANA%" t "%~dpn1.zip" || goto kosa
del "%~1"
if exist "%~1" goto kosa
echo Imebanwa: %~nx1
exit /b 0

:kosa
echo Imeshindikana: %~nx1
set /a MAKOSA+=1
exit /b 1
```

Mistari ya mwanzo hutaja folda, zana na idadi ya siku, ili msimamizi wa mfumo abadilishe mahali pamoja tu. Mistari miwili inayofuata husimamisha skripti kama folda au zana haipo.

Kuna vitanzi viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje hupitia folda za tovuti. Cha ndani huendesha `forfiles` kwa kila folda na kusoma anwani za faili moja moja. Maneno `"delims="` huzuia anwani yenye nafasi kukatwa katikati, na `2^>nul` huficha ujumbe wa `forfiles` pale inapokosa faili. Alama ya `^` inahitajika kwa sababu amri hiyo iko ndani ya kitanzi. Maneno hayo huficha pia makosa mengine ya `forfiles`, kama vile kunyimwa ruhusa ya kusoma folda, kwa hiyo wakati wa majaribio ni vyema kuyaondoa.

Kila faili hupelekwa kwenye sehemu ya `:bana`, ambako `%~1` ni anwani ya faili na `%~dpn1.zip` ni anwani hiyohiyo yenye kiendelezi cha `.zip`. Alama ya `||` ina maana ya "kama amri iliyotangulia imeshindwa". Skripti nyingi hutumia `if errorlevel 1` mahali hapo, lakini masharti hayo hukubali namba 1 na zaidi tu. Programu ikianguka ghafla huweza kurudisha namba hasi, ambayo ingepita kana kwamba kazi imefanikiwa.

Mwishoni skripti hurudisha idadi ya faili zilizoshindikana, au 100 na 101 kwa folda au zana isiyopatikana. Namba sifuri ina maana kwamba hakuna kosa.

## Kubana, kupima, kufuta

Kanuni muhimu kuliko zote ni kutofuta faili asilia kabla ya kuipima nakala. Skripti nyingi fupi huandika amri ya kubana na amri ya kufuta zikifuatana bila sharti lolote kati yake. Skripti ya namna hiyo hufanya kazi miezi mingi. Kisha siku moja diski hujaa katikati ya kubana, faili ya zip inaandikwa nusu, na mstari unaofuata unafuta kumbukumbu nzima. Siku hiyo mara nyingi ndiyo siku kumbukumbu zinapohitajika zaidi, kwa sababu diski iliyojaa ni dalili kwamba kuna jambo lisilo la kawaida: programu yenye hitilafu au mtu anayejaribu kuvamia seva.

Amri ya `7z t` hufungua faili iliyobanwa bila kuihifadhi, huhesabu upya namba ya uhakiki iitwayo CRC, na kuilinganisha na ile iliyoandikwa wakati wa kubana. Zikitofautiana, amri hushindwa na faili asilia hubaki. 7-Zip ina pia chaguo la `-sdel` linalofuta faili asilia yenyewe baada ya kubana, lakini chaguo hilo haliachi nafasi ya kipimo tofauti kabla ya kufuta.

Kubana kunahitaji nafasi kwa muda, kwa kuwa faili asilia na nakala huwepo pamoja kabla ya kufuta. Kwa hiyo kazi hii hufanywa mapema. Skripti inayoanza kutumika wakati diski imebakiza megabaiti chache huenda isiweze kumaliza hata faili ya kwanza.

## Makosa ya kawaida

Kufuta katika folda isiyokusudiwa. Skripti zinazotumia `cd` kisha `del *.log` hutegemea kwamba `cd` imefanikiwa. Kama folda haipo, amri ya kufuta hufanyika mahali skripti ilipoanzia. Kazi inayoendeshwa kwa ratiba kwa kawaida huanzia `C:\Windows\System32` isipotajiwa folda nyingine. Kutumia anwani kamili, kama katika mfano hapo juu, huondoa hatari hiyo.

Vigeu ndani ya mabano. `cmd.exe` husoma kundi zima la amri zilizo ndani ya mabano na kuweka thamani za vigeu kabla ya kuanza kuziendesha. Kwa hiyo kitanzi hiki hakifanyi kinachotarajiwa:

```
for %%F in (*.log) do (
  set "JINA=%%~nF"
  echo %JINA%
)
```

Kigeu `JINA` kilikuwa kitupu wakati mabano yaliposomwa, hivyo badala ya jina la faili, skripti iliyoanza na `@echo off` huandika `ECHO is off.` kwa kila faili. Dawa mojawapo ni kuandika `setlocal enabledelayedexpansion` na kutumia `!JINA!`, lakini hapo majina ya faili yenye alama ya mshangao huharibika. Dawa nyingine ni kutumia `call` na sehemu ndogo, kama `:bana`.

Kiendelezi kisicho kamili. Katika diski zinazohifadhi majina mafupi ya enzi za DOS, yenye herufi nane na kiendelezi cha herufi tatu, `*.log` ya kitanzi cha kawaida huweza kukamata pia faili kama `seva.log2`, kwa sababu jina lake fupi huishia na `.LOG`.

Faili inayotumika. Windows kwa kawaida hukataa kufuta faili ambayo programu nyingine imeifungua. Hilo hulinda kumbukumbu ya siku hiyo, lakini skripti lazima iangalie kama faili imefutwa kweli. Ndiyo kazi ya mstari wa `if exist` baada ya `del`.

Ritifaa katika jina. Skripti za bachi zinazoita PowerShell mara nyingi huweka jina la faili kati ya alama moja za mtajo. Jina la Kiswahili lenye ritifaa, kama `ng'ombe.log`, hufunga alama hizo kabla ya wakati na amri hushindwa. Zaidi ya hapo, Kiswahili hakisumbui katika bachi: herufi zake zote zimo katika jedwali la ASCII, hivyo ujumbe na majina ya vigeu huandikwa bila kubadili mpangilio wa herufi.

Tarehe ya faili mpya. Faili ya zip hupewa tarehe ya siku iliyotengenezwa. Kama kuna skripti nyingine inayofuta faili za zip baada ya mwaka, mwaka huo utahesabiwa kuanzia siku ya kubana. Chaguo la `-stl` la 7-Zip huipa zip tarehe ya faili iliyomo ndani yake.

## Kuendesha kwa ratiba

Windows ina programu ya Task Scheduler, ambayo huendesha kazi kwa wakati uliopangwa. Ratiba huweza kuwekwa kwa amri moja inayoandikwa na mwenye mamlaka ya msimamizi:

```
schtasks /create /tn "BanaKumbukumbu" /tr "C:\Skripti\bana.cmd" /sc weekly /d SUN /st 04:00 /ru SYSTEM
```

Amri hii huendesha skripti kila Jumapili saa kumi alfajiri. Faili za IIS za muundo wa kawaida hufuata saa za UTC, hivyo kwa seva iliyo Afrika Mashariki faili ya siku mpya hufunguliwa saa tisa usiku, si saa sita. Msimamizi anayetafuta tukio la saa nane usiku kwa saa za Nairobi au Dar es Salaam atalikuta katika faili ya tarehe iliyotangulia, likiwa limeandikwa 23:00.

Matokeo ya skripti yenyewe yanafaa kuandikwa katika faili kwa kuongeza `>> C:\Skripti\bana.txt 2>&1`. Faili hiyo iwekwe nje ya folda inayobanwa. Kabla ya kuanza kutumika rasmi, skripti hujaribiwa kwenye folda ya nakala, na amri ya `del` hubadilishwa kuwa `echo del` ili ionekane ni faili zipi zingefutwa.

## Zana za kubana

Mbali na 7-Zip, bachi huweza kuita zana zilizomo ndani ya Windows:

* tar: imo katika Windows 10 tangu toleo la 1803 la mwaka 2018. Amri `tar -a -c -f logi.zip seva.log` hutengeneza zip bila kuongeza programu.
* Compress-Archive: ni amri ya PowerShell tangu toleo la 5.0. Haikubali faili inayozidi gigabaiti 2, kikwazo kikubwa kwa kumbukumbu kubwa.
* makecab: ni zana ya zamani inayotengeneza faili za `.cab`, na hupatikana hata kwenye kompyuta za miaka mingi.
* compact: haitengenezi faili mpya. Huiambia diski ya NTFS ihifadhi faili ikiwa imebanwa, na programu huendelea kuisoma kama kawaida. Hupunguza kidogo kuliko zip, lakini hakuna hatua ya kufuta, hivyo hatari ya kupoteza kumbukumbu ni ndogo.

## Kusoma kumbukumbu zilizobanwa

Kumbukumbu iliyobanwa haina faida kama haiwezi kusomwa inapohitajika. Si lazima kuifungua yote kwenye diski. Amri ifuatayo hutoa maandishi ya zip moja kwa moja na kutafuta mistari yenye namba 500, ambayo ni alama ya kosa la ndani ya seva:

```
tar -xOf u_ex240131.zip | findstr /c:" 500 "
```

Maneno `/c:` yanahitajika kwa sababu bila hayo `findstr` huchukulia nafasi kuwa mpaka kati ya maneno mawili ya kutafutwa.

## Muda wa kuhifadhi

Kubana hupunguza ukubwa, lakini hakuamui kumbukumbu zikae muda gani. Muda mfupi mno huacha wachunguzi bila ushahidi, kwa kuwa uvamizi wa kompyuta huweza kugunduliwa miezi kadhaa baada ya kutokea. Muda mrefu mno nao una tatizo lake, kwani kumbukumbu hubeba anwani za mtandao, majina ya watumiaji na nyakati walizoingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa za watu zisihifadhiwe kuliko muda unaohitajika. Kwa hiyo taasisi nyingi huwa na hatua mbili: kubana baada ya wiki chache, kisha kufuta zip baada ya muda uliowekwa katika kanuni zake.

Nakala iliyobanwa ikibaki kwenye diski ileile haihesabiwi kuwa hifadhi ya dharura. Diski ikiharibika, vyote hupotea pamoja.

## Katika mifumo mingine

Katika Linux kazi hii kwa kawaida hufanywa na programu ya `logrotate`, ambayo hubadilisha majina ya kumbukumbu kwa zamu, huzibana kwa gzip na kufuta zilizozidi idadi iliyowekwa. Pale ambapo skripti inahitajika, huandikwa mstari kama huu:

```
find /var/log/duka -name "*.log" -mtime +30 -exec gzip {} \;
```

Gzip hufuta faili asilia yenyewe, baada tu ya kumaliza kubana bila kosa. Tofauti moja na Windows ni kwamba Linux hukubali kufuta faili ambayo programu bado imeifungua. Jina hutoweka kwenye folda, lakini nafasi ya diski hairudi mpaka programu ifunge faili hiyo. Ndiyo maana `logrotate` ina chaguo la `delaycompress`, linaloahirisha kubana hadi zamu inayofuata, wakati programu imekwisha kuhamia faili mpya.

## Tazama pia

* Mfumo wa uendeshaji
* MS-DOS
* Seva
* Hifadhidata
* Lugha ya programu